Je, Wajua? Mursik Halisi Haina Ladha Moja
Huko Kapseret, Uasin Gishu, mursik, yaani maziwa ya kuganda, hugandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti, mara nyingi senetwet, na ladha hubadilika boma kwa boma kulingana na mti, kiasi cha mkaa na siku za kungoja. Ipi basi ndiyo halisi? Naamini zote, kwa kuwa uhalisi haumaanishi kutobadilika. Hata pizza ya Napoli, iliyoundiwa chama cha kuilinda mwaka wa 1984, hupakwa nyanya, zao la Amerika. Na ugali tunaoushushia mursik ni wa mahindi yaliyotoka huko huko. Mtu atapinga: basi chochote chaweza kuitwa mursik? La hasha. Maziwa yaliyoganda bila mkaa, hata yawe matamu namna gani, ni maziwa lala.