Maji ya mgongoni na shinikizo la kichwa: utafiti wa Mbarara una lipi la kuziambia familia?

Maumivu ya kichwa yasiyokoma huweza kuwa dalili ya maji kujaa ndani ya fuvu. Utafiti ulioihusisha Mbarara, kusini magharibi mwa Uganda, unaonesha kwamba hatua inayoogopwa sana na wagonjwa na jamaa zao ni miongoni mwa zile zinazowapa nafasi ya kuishi.

Kwa familia nyingi zenye asili ya Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia, Nakivale si jina geni. Makazi hayo ya wakimbizi, yaliyomo katika Wilaya ya Isingiro, yamekuwapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na hata jamaa wanapohamia ng'ambo, simu za huko hazikomi. Miongoni mwa simu nzito ni ile inayoleta habari kwamba mgonjwa amepewa rufaa, amesafirishwa kupitia Masha hadi hospitali ya Mbarara, na sasa madaktari wanataka kumtoa maji mgongoni kwa sindano. Walio mbali huombwa ushauri: wakubali au wakatae?

Wanaokataa husema kwamba sindano hiyo hupoozesha, au kwamba wagonjwa waliodungwa walifariki siku chache baadaye. Hofu hiyo ina chanzo chake. Mara nyingi kipimo hicho hufanywa mgonjwa akiwa tayari mahututi, na kifo kinapotokea, lawama huangukia sindano badala ya maradhi.

Shinikizo hutoka wapi?

Ubongo na uti wa mgongo huogelea katika maji safi yanayoukinga dhidi ya mitikisiko. Mtu mzima huwa na takriban mililita 150 za maji hayo kwa wakati mmoja, lakini mwili hutengeneza karibu nusu lita kila siku. Yaliyozidi hunyonywa na kurudi katika damu. Njia hiyo ya kutokea ikizibwa, maji hujaa kama yanavyojaa katika mtaro uliozibwa na tope, na kwa kuwa fuvu ni mfupa usiotanuka, shinikizo hupanda.

Dalili zake ni maumivu makali ya kichwa, kutapika, kuona kitu kimoja kama viwili, na kutoona kabisa kwa sekunde kadhaa. Mishipa ya macho ikibanwa kwa muda mrefu, upofu unaweza kuwa wa kudumu.

Maradhi mawili yenye dalili zinazofanana

Katika nchi tajiri, shinikizo hili hutajwa sana pamoja na ugonjwa usiojulikana chanzo chake, ambao huwapata zaidi wanawake wa umri wa kuzaa wenye uzito mkubwa. Picha za ubongo hazioneshi uvimbe, na maji ya mgongoni hayana vijidudu, ila shinikizo liko juu. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Marekani Kaskazini lililowahusisha wagonjwa 165. Wote walipewa mpango wa kupunguza uzito na chumvi. Nusu yao waliongezewa dawa ya asetazolamidi, ambayo hupunguza utengenezaji wa maji hayo, na wengine walipewa vidonge visivyo na dawa. Baada ya miezi sita, waliotumia asetazolamidi walikuwa wamepata nafuu kubwa kidogo ya uwezo wa kuona kuliko wenzao.

Katika hospitali za Uganda, chanzo ambacho madaktari hukutana nacho mara kwa mara ni kingine: homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na kuvu aitwaye kriptokokasi. Kuvu huyo huvutwa kwa pumzi kutoka katika mazingira na huwashambulia hasa watu ambao kinga yao imedhoofishwa na virusi vya UKIMWI. Seli zake zina utando wa sukari unaonata, nao ndio huziba njia za maji.

Asetazolamidi ilijaribiwa pia kwa wagonjwa wa kuvu, nchini Thailand, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002. Jaribio lilisitishwa baada ya wagonjwa 22 tu, kwa sababu waliopewa dawa hiyo walipata madhara makubwa, na damu yao ilizidi kuwa na asidi. Deksametasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, nayo ilijaribiwa Asia na Afrika, Uganda ikiwemo. Jaribio hilo lilisitishwa mapema na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2016: waliopewa dawa walipata ulemavu na madhara zaidi. Hivyo, dawa inayomfaa mgonjwa mmoja mwenye shinikizo la kichwa inaweza kumdhuru mwingine, na hakuna njia ya kujua kabla ya kutafuta chanzo.

Mbarara imechangia nini?

Hospitali ya Mbarara, ambayo pia ni ya kufundishia madaktari wa chuo kikuu kilichoanzishwa mjini humo mwaka 1989, imeshiriki katika majaribio kadhaa pamoja na Kampala na nchi nyingine za Afrika. Mojawapo liliuliza ni lini mgonjwa wa kuvu aanze dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Jibu, lililochapishwa mwaka 2014, liliwashangaza wengi: kati ya walioanza mapema, asilimia 45 walifariki ndani ya wiki 26, ikilinganishwa na asilimia 30 ya waliosubiri takriban wiki tano.

Katika mwaka huohuo, watafiti walichambua kumbukumbu za wagonjwa 248 wa Uganda na Afrika Kusini. Kati ya 173 ambao hawakutolewa maji tena baada ya kipimo cha kwanza, 31 walifariki katika siku 11 za mwanzo. Kati ya 75 waliotolewa maji zaidi ili kupunguza shinikizo, walifariki watano. Wagonjwa hao hawakugawanywa kwa bahati nasibu, kwa hiyo uchambuzi huo peke yake haukati shauri. Hata hivyo, tofauti ilibaki pale watafiti walipozingatia hali za wagonjwa, na ilionekana hata kwa wale ambao shinikizo lao la mwanzo halikuwa juu.

Jaribio jingine, lililofanyika katika nchi tano za Afrika na kuchapishwa mwaka 2022, lilipima dozi moja kubwa ya amfoterisini B ya aina ya mafuta, pamoja na vidonge vya wiki mbili, dhidi ya matibabu ya kawaida ya wakati huo, ambayo mgonjwa alidungwa amfoterisini kila siku kwa wiki nzima. Kati ya wagonjwa 814, waliofariki ndani ya wiki 10 walikuwa asilimia 24.8 kwa matibabu mapya na asilimia 28.7 kwa yale ya zamani, na madhara makali yalipungua. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza njia hiyo mwaka huohuo. Hata hapo, kutoa maji kulibaki sehemu ya huduma, kwani dawa huua kuvu taratibu ilhali shinikizo haliwezi kusubiri.

Je, sindano hupoozesha?

Kwa mtu mzima, uti wa mgongo hukomea juu ya mahali sindano inapoingizwa. Chini yake mna nyuzi za neva zinazoelea ndani ya maji, nazo husogea sindano inapopita. Kiasi kinachotolewa ili kupunguza shinikizo, kwa kawaida mililita 20 hadi 30, mwili hukirudisha kwa muda wa saa moja au zaidi kidogo. Maumivu ya kichwa au ya mgongo baada ya hapo ni ya kawaida na hupita. Si kila mgonjwa anayefaa: mwenye dalili za uvimbe ndani ya ubongo, kama udhaifu wa upande mmoja wa mwili, hukaguliwa kwanza.

Kwa jamaa wanaopigiwa simu, yapo maswali yenye faida kuliko kukubali au kukataa papo hapo. Shinikizo limepimwa, na ni kiasi gani? Chanzo ni nini? Maji yatatolewa tena lini iwapo kichwa kitaendelea kuuma? Mgonjwa mwenye virusi vya UKIMWI ambaye kinga yake imeshuka aulizwe pia kama amepimwa kuvu kwa tone la damu, kwa kuwa kipimo hicho huweza kumgundua wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma. Mtu yeyote ambaye kichwa kinamuuma kwa siku kadhaa huku akitapika, haoni vizuri au amechanganyikiwa, apelekwe hospitali bila kungoja ushauri wa simu.