Jinja na Mbale: nani anailea ngoma?

Jinja na Mbale zilipandishwa hadhi kuwa majiji tarehe 1 Julai 2020, lakini sanaa za mashariki mwa Uganda zilikuwa na walezi wengine zamani. Mlezi mkuu huko Busoga, eneo ulipo mji wa Jinja, alikuwa mfalme. Bigwala, muziki wa tarumbeta za vibuyu, ulipigwa wafalme walipotawazwa na walipozikwa. Kila tarumbeta hutoa sauti moja tu, hivyo wapigaji watano au zaidi hupokezana mpaka wimbo ukamilike. Serikali ya Milton Obote ilipofuta falme katika miaka ya 1960, wapigaji walikosa pa kupigia. Falme zilirudishwa katika miaka ya 1990. Bigwala haikurudi nazo. UNESCO ilipoiingiza mwaka 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, walibaki mafundi wanne, wote wazee.

Msaada uliofuata ulianzia shambani, na hilo ndilo lililoufanya uwe wa maana. Vibuyu vyenyewe vilikuwa vimeadimika, kwa hiyo ilibidi vilimwe upya kabla vijana hawajafundishwa kuvichonga na kuvipuliza. James Isabirye, mwalimu wa muziki wa Chuo Kikuu cha Kyambogo, alikuwa mstari wa mbele katika kazi hiyo.

Tamasha la Nyege Nyege, lililoanza Jinja mwaka 2015, ni la watu binafsi. Serikali imelionea haya na kulitamani kwa wakati mmoja: mwaka 2018 waziri wa maadili alilipiga marufuku, kisha likaruhusiwa, mwaka 2022 Bunge likalipinga, serikali ikaliruhusu kwa masharti, maana watalii huleta fedha. Lebo ya muziki ya waandaaji wa tamasha hilo ilitoa mwaka 2023 albamu ya kundi la Nakibembe la Busoga, wapigaji wa embaire, marimba kubwa inayotandazwa juu ya shimo na kupigwa na watu kadhaa pamoja.

Mbale hutegemea jando. Kila mwaka wa shufwa, mwezi Agosti, imbalu, yaani jando hilo, hufunguliwa katika uwanja wa Mutoto chini ya Inzu ya Masaaba, taasisi ya kitamaduni ambayo kiongozi wake huitwa Umukuuka, na viongozi wa serikali huhudhuria. Nyimbo za Abayudaya, Wayahudi wa vilima vya karibu na Mbale, zilipata njia nyingine: albamu yao ya mwaka 2003, iliyotolewa Marekani, iliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Makundi ya kadodi, ngoma ya imbalu, hayangoji mwaka wa jando. Hukodiwa kwenye harusi na kampeni za uchaguzi, hata Kampala.