Benz la Mtumba na Bei Isiyoshuka

Maongezi haya yalitangazwa redioni juma lililopita.

Ndugu msikilizaji, asubuhi moja simama kando ya barabara kuu ya hapa Babati, pale magari yatokayo Arusha yanapoachana, mengine yakishika njia ya Singida na mengine ya Dodoma. Utaona jambo ambalo wazee wetu wasingelisadiki. Nyuma ya lori la mbaazi na kundi la bodaboda linapita Benz jeusi, vioo vimefungwa, muziki unasikika kwa mbali. Utadhani ni mkubwa fulani anawahi mkutano Dodoma. Sivyo. Ni jirani yako wa mtaa wa pili, anayenunua mbaazi Galapo na Magugu.

Miaka ya baada ya uhuru watu walilitunga neno "wabenzi", nalo halikuwa neno la heshima. Lilitaja kabila jipya ambalo halikutambulikana kwa lugha wala kwa mila, bali kwa ile nyota ya ncha tatu mbele ya gari. Leo nyota hiyo imeshuka bei. Gari la kifahari lililotembea Japani miaka 12 au 15 linashushwa bandarini Dar es Salaam na kuuzwa kwa bei isiyopishana sana na ya gari dogo la kawaida. Mtu anajiuliza, kwa nini basi ninunue dogo?

Mimi sina ugomvi na mtu anayependa kitu kizuri. Mwenye jasho lake na alitumie. Lakini hebu tujiulize, Mjapani yule ni mjinga kiasi gani hata auze gari zima, lenye viti vya ngozi, kwa bei ya kutupa? Si mjinga hata kidogo. Kule kwao gari binafsi hukaguliwa kwa sheria likifikisha miaka mitatu, na baada ya hapo kila miaka miwili, na ukaguzi huo si wa bure. Kila kilicholegea kitengenezwe kwanza. Alipopiga hesabu ya vitu vinavyokaribia kufa ndani ya gari lile, akaona heri aliuze. Wewe ndugu yangu umenunua gari, na ile hesabu yake umeinunua pia.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Kilichoshuka ni bei ya kulinunua gari. Bei ya kulitunza haikushuka. Pampu yake, kompyuta yake, shokapu zake, vyote vinauzwa kama spea za gari lililokuwa ghali siku lilipotoka kiwandani. Gari halijui kwamba limebadilisha tajiri.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza unatangulia hata kufungua boneti. Fedha ulizonazo zigawe mafungu matatu. Mawili ni ya kununulia, na humo humo ziingie kodi, usajili na bima. La tatu lisiguswe. Ukiona mafungu mawili hayatoshi Benz unalolitaka, basi Benz hilo si lako bado. Nunua gari jingine, upige kazi, urudi mwakani.

Nina jirani ambaye hakugawa. Msimu ulimwendea vizuri, akakusanya kila senti akaleta gari. Kwamba bei ya mazao huanguka analijua kuliko mimi, kwani mwaka 2017, India ilipoweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini mwake, alibaki na magunia ambayo hakuna aliyeyauliza. Lakini mtu akishakaa kwenye kiti cha ngozi husahau mengi. Mchana mmoja wa jua kali alikuwa anatoka Arusha na mkewe na watoto wawili. Walipoipita Magugu na kuanza kupandisha kuja Babati, mshale wa joto ukapanda, yeye akasema tutafika. Hawakufika. Gari lilichemsha, likatoa mvuke kama birika, na silinda hedi ikapinda.

Kumbe juma moja kabla ya safari fundi alikuwa ameondoa themostati, akajaza maji ya bomba, na mfuniko uliokuwa umechoka akaufunga kwa kipande cha mpira. Naomba tukae hapa kidogo, maana jambo hili ndilo linaloua magari ya aina hii kuliko mengine yote.

Babati iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Kwa urefu huo maji yaliyo wazi huchemka yakifika kama nyuzi 95, si zile 100 tulizokariri shuleni. Injini ya kisasa imeundwa ifanye kazi kwenye nyuzi 90 hivi, na nyingine hufika 100. Sasa inakuwaje maji yake hayachemki kila siku? Ni ule mfuniko. Unauzuia mvuke, presha inapanda, na maji yaliyobanwa namna hiyo hayachemki mpaka yapite nyuzi 120. Ndiyo kusema mfuniko huo ni kiungo cha injini kama pistoni ilivyo kiungo. Ukivuja, gari lako linapika maji kwenye sufuria isiyofunikwa, tena mlimani.

Na themostati je? Mafundi wetu wengi huiondoa wakiamini kwamba maji yakipita bila kizuizi injini itapoa zaidi. Kwenye magari ya zamani sana walikuwa na hoja. Kwenye haya, kifaa hicho kina kazi mbili. Injini ikiwa baridi, huyazuia maji yasiende kwenye rejeta ili ipate moto upesi. Ikishapata moto, hufungua njia ya rejeta na papo hapo kuziba njia ya mkato. Ukikiondoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Kwenye tambarare injini inakuwa baridi mno, kompyuta inadhani ndiyo kwanza imewashwa, inaongeza petroli, na oili inachafuka. Kwenye mlima, maji mengi yanazunguka kwa mkato bila kuonja upepo wa rejeta, na gari linachemsha. Unapata hasara kotekote.

Kuhusu maji yenyewe, haya ya ukanda wetu wa Bonde la Ufa yana madini mengi. Tunayaona kwenye masufuria yetu na kwenye meno ya watoto wetu. Ndani ya injini ya aluminiamu yanaacha ukoko na kuleta kutu. Weka kulanti, yale maji ya rangi, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na madini. Usichanganye rangi mbili kwa kuwa tu moja imepungua dukani. Na mshale ukianza kupanda, ndugu msikilizaji, usiseme tutafika. Simama, zima, subiri. Usifungue mfuniko kukiwa na moto, maana wako watu wanatembea na makovu ya usoni kwa haraka ya dakika tano.

Tuje kwenye oili. Ile nzito ya namba 40 iliyotulea kwenye Land Rover za zamani haifai hapa. Injini hizi zina vijia vyembamba, zinataka oili nyepesi ya viwandani iliyotajwa kwenye kitabu cha gari. Ni ghali, nakubali. Kitabu kilichoandikiwa Ulaya kitakuambia ubadilishe kila kilometa 15,000 au zaidi, lakini mwandishi wake hakulijua vumbi la Septemba la Babati. Badilisha kila 5,000, ukizidi sana 7,000, pamoja na filta yake, na filta ya hewa uikague mara mbili zaidi ya hapo.

Kuna sikio pia. Baadhi ya injini ndogo za Benz za miaka ya 2000, hasa ile iitwayo M271, zinajulikana kwa cheni ya taiming inayorefuka mapema. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ikiwa imeshuka, washa gari ukiwa umefungua boneti. Ukisikia mkwaruzo wa sekunde chache kama mnyororo unaoburutwa, kisha ukanyamaza, usifurahi kwamba umenyamaza. Ni cheni inaomba kubadilishwa. Ikiruka meno, valvu zinagongana na pistoni, na hapo hutazungumzia cheni tena, utazungumzia injini nyingine.

Giaboksi ni hadithi yenye uchungu. Benz nyingi za tangu mwaka 1996 zina giaboksi ya gia tano isiyokuwa na kijiti cha kupimia mafuta. Kuna bomba na mfuniko, kijiti hakuna. Mwanzoni ilisemwa kwamba mafuta yake ni ya maisha yote, baadaye ushauri ukabadilika kwamba yabadilishwe kwenye kilometa 60,000. Swali ni maisha ya nani? Kama ni ya tajiri wa kwanza, basi yalikwisha kabla gari halijapanda meli. Mafuta hayo ni ya aina yake, siyo yale ya kila giaboksi yanayouzwa kwenye rafu ya mbele. Tena kiasi chake hupimwa yakiwa yamefika nyuzi 80 hivi. Fundi anayekisia asubuhi gari likiwa baridi atazidisha au atapunguza, na yote mawili yanaua. Na pale waya zinapoingilia kuna plagi ndogo yenye mpira unaochoka na kuvujisha mafuta, ambayo hupanda polepole ndani ya waya hadi kwenye kompyuta. Mpira huo ni kitu kidogo cha kubadilisha. Kompyuta si kitu kidogo.

Breki nazo. Anayeishi hapa ipo siku atapanda Bashnet, na aliyepanda lazima ashuke Dareda. Kimiminika cha breki hunyonya unyevu kutoka hewani hata kama hukigusi. Kile cha aina ya DOT 4 kikiwa kipya huchemka kwa nyuzi zisizopungua 230, lakini kikishanyonya maji asilimia 3.7 tu kinaweza kuchemka kwa 155. Kikichemka kwenye mteremko mrefu kinatoa mapovu, na mapovu hayasukumi breki. Pedali inakwenda hadi chini na gari linaendelea na safari yake. Kibadilishe kila baada ya miaka miwili, ushuke kwa gia ndogo, na yule kijana anayekupigia honi nyuma mwache apige.

Matairi nitayataja kwa ufupi. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne, mbili za kwanza ni juma na mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2314, lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2014, hata kama kashata zake zinang'aa. Petroli inunue kituo chenye wateja wengi, na risiti uitunze. EWURA ilianza kuweka alama kwenye mafuta mwaka 2010 kwa ajili ya uchakachuaji, lakini alama hailindi kidumu cha kando ya barabara. Na vijana wa kuosha magari wasielekeze mpira wa maji ya nguvu kwenye injini. Gari hili ndani yake ni redio, na redio haioshwi.

Kuna ile taa ya njano ya injini. Nimeona watu wakiibandika gundi nyeusi, na wengine wakaitoa kabisa ili mnunuzi asiione. Kwa hiyo unaponunua, zungusha ufunguo bila kuwasha injini. Taa hiyo lazima iwake. Isipowaka kuna mtu amekuficha kitu. Na fundi akiichomeka mashine yake ikasoma namba ya hitilafu, namba ile si jina la spea ya kununua. Inasema mahali panapouma. Mtu akiumwa tumbo hatumkati tumbo.

Sitaki nionekane nawalaumu mafundi wetu. Vijana wa Babati wataishusha injini ya Toyota na kuirudisha kabla ya adhuhuri, na lori likivunjika eksili porini watalitoa. Lakini Benz wengi wao hawakufundishwa, na mwenye gari anapomsimamia fundi akimwambia fanya haraka, kijana anaona aibu kusema silijui hili. Mwambie mwenyewe kwamba akisema hajui hutamnyima kazi. Mtafute mmoja, hata kama yuko Arusha, kilometa zisizofika 200, umlipe akague gari zima mara moja kwa mwaka, na akuandikie kwenye karatasi. Kazi ndogo zifanywe hapa kwa karatasi ile.

Spea usiagize kwa kusema "Benz la mwaka 2008". Iko siku utaletewa ya gari jingine lililozaliwa mwaka huo huo. Nakili namba ya chasisi kutoka kwenye kadi, uwape wauzaji wa Gerezani au popote unaponunua, wakupe namba ya spea yenyewe, nawe uiandike. Kikija kifurushi kwa basi, linganisha namba kabla hujampa fundi.

Jirani yangu yuko hatua hiyo sasa. Silinda hedi ilipelekwa Arusha kusawazishwa, na alikopa kwa ndugu ili ailipie, kwa sababu fungu la tatu hakuwa nalo na msimu wa mbaazi ulikuwa bado. Mkewe hajazungumzia gari tangu siku ile ya Magugu. Juzi jioni nilimkuta stendi akisubiri kifurushi. Aliponiona akasema, "Kaka, safari hii ni themostati, na mfuniko mpya." Akatoa karatasi mfukoni, akakifungua kiboksi pale pale chini ya taa ya kibanda, akasoma namba moja moja kwa kidole. Tarakimu ya mwisho haikufanana. Akakifunga tena, akaenda kumtafuta kondakta wa basi la alfajiri akirudishe.