Tone Halisemi Lilikotoka

Oili ikionekana nyuma ya injini ya Subaru, pale injini inapoungana na gia boksi, hukumu hutoka mapema: sili ya nyuma ya krenki imekwisha. Injini inashushwa, sili inabadilishwa, gari linarudi barabarani, na baada ya wiki mbili tone lilelile liko palepale. Mwenye gari analaumu spea feki, fundi analaumu uzee wa gari, na Subaru zote zinapata jina baya. Ninachodai ni kwamba uvujaji unaoitwa sugu, mara nyingi, haujawahi kuchunguzwa, umekisiwa tu. Na kukisia kuna bei tofauti kila mahali. Aliye Dar es Salaam akikosea anarudi Kariakoo siku hiyohiyo kununua sili nyingine. Aliye huku kusini, Naipingo, Nachingwea mjini au Ruangwa, anaagiza kwa simu, anasubiri basi lilete kifurushi, na gari linakaa juu ya mawe muda wote huo. Akikosea mara tatu, nauli za vifurushi na ufundi wa kushusha na kupandisha injini vinaizidi kwa mbali bei ya sili yenyewe.

Magari haya yanapendwa kwa sababu zinazoeleweka. Impreza ilishinda Safari Rally nchini Kenya mwaka 1996, 1997 na 2000, na zile zenye turbo, WRX kwa mfano, pamoja na ndugu yake Forester, zina nguvu ambayo gari dogo la kawaida halina. Lakini injini ya Subaru imelala. Silinda zake nne hazikusimama. Mbili zimelalia kulia na mbili kushoto. Kwa hiyo kava za tapeti, ambazo kwenye injini nyingi ziko juu kabisa, kwenye Subaru ziko ubavuni na chini, na oili inazilalia hata gari likiwa limezimwa. Karibu nazo linapita bomba la ekzosi, ndiyo maana gasketi ya kava ikichoka unasikia harufu ya kuungua kabla hujaona tone lolote ardhini. Filta ya oili nayo, kwenye injini nyingi za zamani, iko chini, katikati ya mabomba ya ekzosi, na oili inayomwagika wakati wa kuibadilisha inaweza kuchuruzika siku kadhaa na kumdanganya mtu kwamba gari linavuja. Turbo ya injini hizo, kinyume chake, imekaa juu upande wa nyuma, ikiwa na bomba linaloirudisha oili kwenye injini. Bomba hilo likilegea, oili hushuka taratibu, husukumwa nyuma na upepo gari linapotembea, na kudondoka kwenye maungio ya injini na gia boksi. Palepale panapohukumiwa sili ya krenki.

Kuna mshukiwa mwingine anayesahaulika mno. Nyuma ya injini, karibu na sili hiyo ya krenki, kuna kifuniko kidogo cha sehemu inayotenganisha oili na mvuke wake. Katika injini nyingi za zamani za Subaru kifuniko hicho kilitengenezwa kwa plastiki. Joto la miaka mingi hukipinda, oili ikapenya pembeni. Baadaye kiwanda kilikuja na cha chuma. Uvujaji wake hutokea mahali ambapo mtu aliyelala chini ya gari hawezi kuutofautisha na wa sili ya krenki. Fundi aliyeshusha injini, akabadilisha sili na kukiacha kifuniko cha plastiki, amefanya kazi kubwa yote na kuuacha ugonjwa ndani. Hata aina ya oili inahitaji kuthibitishwa kwanza: oili ya difu ya mbele, iliyomo ndani ya gia boksi hiyohiyo, ina harufu kali ya salfa ambayo oili ya injini haina. Kunusa kidole hakugharimu kitu.

Uchunguzi wenyewe hauhitaji mitambo. Injini ioshwe vizuri ikiwa imepoa, oili na tope la zamani litoke lote, ikauke. Kisha sehemu zinazoshukiwa zipakwe poda nyeupe ya kawaida, ile ya watoto, gari liendeshwe kilomita chache, na likaguliwe kuanzia juu kwenda chini, kutoka mbele kwenda nyuma. Sehemu ya juu kabisa ambayo poda imelowa ndiyo yenye kesi. Zilizo chini yake zimechafuliwa tu. Gereji zenye uwezo hutia ndani ya oili rangi inayong'aa kwenye mwanga wa taa maalumu, na hiyo ni njia nzuri zaidi, lakini poda inatosha kwa kazi nyingi. Vumbi jekundu la barabara zetu, tunalolilalamikia kila kiangazi, hapa linageuka shahidi: likishika oili ya zamani linakuwa tope gumu lililokauka, na mahali oili mpya inapopita huonekana njia yenye unyevu unaong'aa.

Kujua oili inapotokea bado si kujua kwa nini inatoka, na hapo ndipo kazi nyingi huishia katikati. Injini hupumua. Kila pistoni inaposukumwa, gesi kidogo hupenya kwenye ringi na kuingia kwenye chumba cha krenki, nayo lazima itoke kupitia breza na vali ndogo ya kupumulia. Mipira ya breza ikiziba kwa masizi, au vali ikiganda, gesi hiyo inatafuta mlango mwingine, na mlango ulio dhaifu kuliko yote ni sili. Gari lenye turbo hupata taabu zaidi, kwa kuwa turbo inashindilia hewa ndani ya silinda na gesi inayopenya huwa nyingi. Sili mpya iliyofungwa kwenye injini isiyopumua itavuja kama ya zamani, hata ikiwa halisi kutoka Japani. Vali nyingi za aina hii zikitikiswa mkononi hulia. Ikiwa kimya, huenda imekwama. Kifuniko cha kujazia oili kikifunguliwa injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, pumzi ndogo ni kawaida. Moshi unaotoka kwa kusukuma unaelekeza kwenye ringi zilizokwisha, na hapo kuzungumzia sili ni kupoteza fedha. Chujio la hewa lililojaa vumbi nalo lina lake: turbo ikikosa hewa huvuta kwa nguvu mpaka inanyonya oili kupita kwenye sili zake zenyewe.

Wapo wanaosema: injini ikishashushwa, badilisha kila kitu, uchunguzi wa nini? Hoja hiyo ina uzito, maana ufundi wa kushusha ni uleule, na kifuniko cha plastiki kikionekana kitolewe bila mjadala. Lakini sili ya krenki iliyo kavu, isiyovuja, mafundi wazoefu wengi huiacha, kwa sababu mpya ikiingia upande kidogo tu inaanzisha uvujaji ambao haukuwepo. Wengine hutia oili nzito. Kwa gari kuukuu lisilo na turbo hilo linaweza kusogeza siku, sikatai. Kwa turbo inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, oili inayochelewa kufika asubuhi ni hatari kuliko tone. Silikoni ninaipinga waziwazi inapopakwa ovyo. Ile inayobanwa kuingia ndani hukatika vipande, vikaenda kuziba chujio la oili kwenye sampu, na injini ikafa kwa ajili ya gasketi ya bei ndogo.

Na yule anayeona ni nafuu kuongeza oili tu kila wiki? Injini hizi hubeba takriban lita 4 hadi 5. Anayepoteza lita moja bila kujua ameondoa sehemu kubwa ya ulinzi wa turbo na beringi, na oili inayodondokea ekzosi yenye moto inaweza kuwaka. Nachingwea inaijua gharama ya kukisia, ya kutanguliza mashine mbele ya vipimo: mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuachwa 1951, ulileta huku, Kongwa na Urambo matrekta mengi ya mitumba kabla udongo na mvua havijapimwa vya kutosha.

Breza zikishasafishwa, kifuniko kikabadilishwa na kava kufungwa, injini ioshwe tena na kupakwa poda upya. Gari liende Masasi na kurudi. Poda ikibaki nyeupe, fundi alipwe.