Kiti cha Magurudumu chenye Nyenzo

Fikiri juu ya mwanafunzi mwenzako asiyeweza kutembea. Anakaa Tunduma, nyumba yao ipo bondeni, na shule ipo juu kilimani. Wakati wa kiangazi njia ina mawe na vumbi; wakati wa mvua ina matope. Kiti cha kawaida cha magurudumu huendeshwa kwa kusukuma pete za magurudumu kwa mikono. Juu ya sakafu laini huenda vizuri. Penye matope mikono huteleza na kuchoka upesi. Je, mwenzako atafikaje shuleni bila kungoja mtu wa kumsukuma?

Jaribio

Sukuma mlango wa darasa kwa kidole kimoja, karibu na bawaba. Kisha usukume karibu na kitasa. Utaona kwamba karibu na kitasa mlango husukumika kwa urahisi, lakini kidole husafiri mwendo mrefu zaidi. Mlango huo ni wenzo, na bawaba ni egemeo lake.

Nyenzo katika kiti

Mwaka 2005 Amos Winter, mwanafunzi wa uhandisi kutoka Marekani, alikuja Tanzania kuchunguza shida za watu wanaotumia viti vya magurudumu. Baadaye yeye na wenzake walibuni kiti chenye nyenzo mbili, moja kila upande. Wenzo ukisukumwa mbele huvuta mnyororo, nao mnyororo huzungusha gurudumu.

Penye kilima, mtu hushika wenzo juu, mbali na egemeo. Akishika sentimita 60 kutoka kwenye egemeo badala ya sentimita 20, nguvu ile ile ya mkono huwa na uwezo wa kuzungusha mara 3 zaidi. Penye tambarare hushika chini, ili gurudumu lizunguke zaidi kwa kila msukumo.

Kazi ya fundi

Fundi hupima bomba la chuma, hulikata kwa msumeno, na kusawazisha ncha zake kwa tupa. Kisha hutoboa tundu la egemeo kwa keekee. Tundu likiwa pana mno, wenzo hucheza, na sehemu ya mwendo wa mkono hupotea bure. Likibana mno, msuguano hula nguvu. Nyenzo zote mbili sharti ziwe na urefu sawa. Mwisho fundi huunga nyenzo, minyororo na magurudumu. Minyororo na gia ni za baiskeli, kwa hiyo hata fundi baiskeli wa kijijini aweza kuvitengeneza vikiharibika.

Mwaka 2009 viti vya mfano vilijaribiwa na watumiaji wa Afrika Mashariki. Njiani vilifaa, lakini ndani ya nyumba vilikuwa vipana na vizito mno. Wabunifu wakarudi kazini, wakavipunguza upana na uzito. Mfano wa kwanza hutengenezwa ili makosa yake yaonekane, na anayeyaona vizuri zaidi ni yule anayeketi juu ya kiti.

Maswali

1. Kwa nini kitasa huwekwa mbali na bawaba?
2. Mtu apandaye kilima ashike wenzo wapi? Eleza sababu.
3. Chunguza njia ya kuingia darasani mwako. Je, mwenzako mwenye kiti cha magurudumu aweza kupita? Kama hawezi, mtatengeneza nini?