Mpiga Mbizi wa Winchester

Twapenda leo kuwapeleka wenzetu Winchester, mji wa kale ulio kusini ya Uingereza, mwendo wa saa moja hivi kwa gari la moshi kutoka London. Kanisa lake kuu lilianza kujengwa mwaka 1079, na urefu wake ni kama meta 170. Alitazamaye hudhani limesimama juu ya mwamba. Sivyo. Chini yake pana udongo mweusi laini wa mimea iliyooza, wenye maji tele, na wale walioongeza upande wa mashariki katika karne ya 13 waliweka msingi wao juu ya magogo.

Magogo yakadidimia pole pole, na mwanzoni mwa karne ya 20 kuta zilikuwa zimeinama na kufanya nyufa kubwa. Mafundi walipochimba ili kutia msingi mpya, mashimo yakajaa maji. Wangaliyavuta kwa pampu, udongo nao ungalifuata, na jengo lingaliporomoka. Ndipo akaitwa mpiga mbizi, William Walker.

Tangu 1906 hata 1911 alishuka shimoni saa sita kila siku ya kazi. Mpiga mbizi wa baharini huona mbele yake. Huyu hakuona kitu, maana maji yalichafuka kwa udongo hata taa isifae. Alifanya yote kwa kupapasa: akaondoa udongo, akapanga magunia ya zege, zaidi ya 25,000, mpaka maji yakazibwa njia. Hapo pampu zikavuta yaliyobaki, na waashi wakajenga kwa matofali pakiwa pakavu. Vazi lake lilikuwa zito mno, hata wakati wa chakula alivua kofia tu. Mwaka 1912 Mfalme George V alihudhuria ibada ya shukrani kanisani humo. Walker akafa mwaka 1918, kwa mafua yaliyoenea duniani.

Maji hayakuhama. Wakati wa baridi chumba cha chini ya kanisa hufurika hata leo.

Mgeni mwenye nafasi na afuate njia ya miguu kando ya mto Itchen, kadiri ya maili moja, mpaka St Cross, nyumba ya maskini iliyoanzishwa katika karne ya 12. Mpita njia aombaye langoni hupewa kipande cha mkate na kikombe kidogo cha bia, desturi ya zamani sana. Lakini sharti aombe mwenyewe, hakuna atakayemwita.