Kumchagulia Mzazi Makao ya Wazee

Qur'ani Tukufu, katika Suratun-Nahl aya ya 70, inataja umri ambao mja husahau aliyokuwa akiyajua. Familia za Waswahili waliohamia Uingereza hukutana na mtihani huo wakiwa mbali na jamaa: mama ana demensia, hutoka nje usiku wa manane, na wanawe wako kazini. Huona haya kumtafutia makao ya wazee, wakichelea kuambiwa wamemtupa. Lakini ikiwa nyumbani hapana tena usalama wake, kumchagulia makao mema ni katika kumtendea wema.

Nchini England, makao hayo hukaguliwa na Care Quality Commission, ambayo huyapa moja ya daraja nne, kuanzia bora kabisa hadi yasiyofaa. Ripoti zake ziko wazi kwa kila mtu, zisomeni kwanza. Kisha nendeni wenyewe wakati wa chakula, muone nani anamlisha asiyeweza kujilisha. Ulizeni: Nyama ni ya halali? Mama ataogeshwa na mwanamke mwenzake? Usiku wamo wahudumu wangapi? Yupo ajuaye Kiswahili? Swali hili ni zito, kwani mgonjwa wa demensia aghalabu hupoteza lugha aliyojifunza ukubwani, akabaki na ile ya utotoni.

Asilazimishwe kusali, maana aliyeondokewa na akili hana taklifu; lakini kisomo alichokizoea huenda kikamtuliza. Nanyi pangeni zamu za kumzuru, kwani haki ya mzazi haimalizwi kwa kutia saini fomu.